Maelezo Yangu Kuhusu Ile Video ya Divai

Toongabbie, Sydney

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana najua ile ya kwanza hukuitikia. Goti la kushoto linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unajipaka mwenyewe, au bado unampaka ng'ombe? Baba kifua kimeachia? Na ukungu, umeshashuka hapo Wundanyi au mwaka huu umechelewa? Mimi huku ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Kinachoniumiza ni kimoja tu: leo ni wiki ya tatu hupokei simu yangu. Nikipiga, Baba anashika na kusema, "Mama yako yuko shambani." Wiki tatu, Mama! Shamba lenyewe lina matuta manne. Halafu nyuma yake nakusikia ukikohoa.

Basi nimeamua kuandika kwa kalamu kama nilivyokuwa nikiandika kutoka bweni, kwa sababu barua huwezi kuikata katikati ya sentensi. Unaweza kuichana, hilo najua, ndiyo maana nimemtumia Baba nakala.

Najua kilichotokea. Mweka hazina wa akina mama wa kanisa alitoa simu katikati ya kikao, wewe mwenyekiti umeketi mbele, akasema, "Huyu si Wakesho wetu?" Ukaniona mimi, niliyekuwa nikiimba sauti ya kwanza kwaya ya watoto, nimesimama nje kwenye ukungu na glasi ya divai nyekundu mkononi. Mashavu yamevimba. Kisha pfffff! Naipuliza hewani yote, na baada yake yanatoka maneno ya Babu. Ukapata makosa mawili kwa mpigo: mtoto amekuwa mlevi, na juu ya ulevi amerudia mambo ya kale. Sikulaumu. Ningekuwa mwenyekiti hata mimi ningetafuta shimo la kuingia. Lakini ile video ilianzia katikati, na mimi naomba nianzie mwanzo.

Unakumbuka tulivyofungiwa. Sisi wa upande huu wa magharibi ilikuwa usitoke nje ya kilomita tano, na sokoni aende mtu mmoja. Sisi wafanyakazi wa nyumba ya wazee tuliruhusiwa kwenda kazini, ila kila baada ya siku chache lazima uteme mate kwenye kikombe, ubandike karatasi yenye jina lako, yaende yakapimwe corona. Mama, nimetema mate mwaka huu mpaka koo likaniuliza kuna nini. Weka hilo akilini, tutalirudia.

Na ndani ya kufungiwa huko ndipo baba yako, Babu yetu, alipotutoka. Niliomba ruhusa ya kutoka nchini nije kumzika, nikakataliwa. Nikaomba tena, nikaambiwa niongeze karatasi. Karatasi zilipotimia Babu alikuwa ameshafunikwa. Mazishi niliyatazama kwa simu, nimejificha stoo ya mashuka kazini, na walipofika kwenye kutia udongo mtandao ukaganda kwenye mgongo wa mjomba. Dakika kumi nzima nilimlilia Babu nikiwa natazama koti la mjomba. Jioni yake ulinipigia ukaniuliza, "Yaani ndege zote za Australia zimekufa?" Nilisema mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri, Mama.

Sasa tuje kwenye divai. Tulipofunguliwa, menija wetu aliona tumechoka, akakodi basi dogo ili kutushukuru. Tukaambiwa tunapelekwa milimani, kusini mwa Sydney, kuzunguka mashamba madogo ya zabibu na kuonja divai zao. Mimi nilikuwa nakataa. Aliyenishawishi ni Goreti, rafiki yangu wa kazini anayekaa Guildford. Goreti ni Mrundi, amekulia kambini Kigoma, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa, na ni mlokole kuliko wewe, samahani. Pombe hagusi hata kwa kuinusa. Alisema anaenda kula hewa. Asubuhi akaja kituoni na hotpoti ya maharage na ndizi, chupa ya chai, na vijiko vya basi zima. Menija akamwambia huko tuendako chakula kipo. Goreti akanigeukia, "Wakesho, safari bila chakula ni ukimbizi. Mimi nilishafanya ile, sirudie."

Lile shamba la kwanza ni la mwanamke anayeitwa Helen, makamo yako, mikono yake imepasuka kama yako wakati wa kupalilia. Nyumba ya kuonjea ni banda la mabati tu. Lakini nilipotoka kwenye basi nikaona nini? Ukungu! Mistari ya mizabibu inashuka mlimani kama matuta yetu, baridi inauma masikio, na harufu ya udongo uliolowa. Nilisimama pale kama mjinga mpaka Goreti akanisukuma. Helen alituambia zabibu za baridi haziivi haraka, zinakaa na uchachu wake muda mrefu, na ndiyo maana divai yake ina ladha kuliko za kule kwenye joto. Nikamwambia hata kabichi za kwetu ziko hivyo. Alifurahi sana kusikia habari za kabichi.

Tukaonyesha vyeti vya chanjo, tukaketi mbali mbali, barakoa zikashushwa. Sasa kuonja kwenyewe ni hivi: unamiminiwa kidogo, kipimo cha dawa ya kikohozi. Unakizungusha, unakinusa, unasema kinanukia nini. Huyu akasema limau. Yule akasema tufaha bichi. Mwingine, Mungu anisamehe, akasema jiwe lililonyeshewa, na watu wakaitikia kwa vichwa! Zamu yangu nilinusa mpaka pua ikagusa, nikasema inanukia meza ya Bwana. Helen akaandika kwenye daftari lake na kusema hilo hajawahi kuambiwa.

Ukishaonja, unatema. Ndiyo, Mama, wanatema divai nzuri kabisa, ili wasilewe kabla ya kumaliza zote. Zamani walitemea kwenye ndoo moja, lakini kwa sababu ya corona kila mtu akapewa kikombe chake cha karatasi. Goreti kuona kikombe, hakuuliza. Maskini, mazoea yana taabu. Akageuka pembeni kwa heshima, akatema mate yake safi, akafunika na kiganja, akainua mkono: "Pardon, madame, karatasi ya kuandika jina iko wapi?"

Banda zima ni watu wa nyumba ya wazee. Tulicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kitini. Na usimwone Goreti peke yake, menija mwenyewe nilimwona kwa macho yangu, alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni.

Sasa hapa sitakudanganya, kwa sababu njia ya mwongo ni fupi na mimi nina njia ndefu ya kurudi nyumbani. Glasi tatu za kwanza nilimeza. Uliyenifundisha ni wewe. Ulitwambia mgeni hatemi alichopewa na mwenyeji, hata kama ni ule uji wa shangazi. Helen amesimama mbele yangu, ananiangalia machoni, mimi niteme kazi ya mikono yake? Nikameza, nikashukuru, na kila nikishukuru ananiongezea. Ilipofika ya nne, nyekundu, amenimiminia tele, menija akaninong'oneza, "Tema, Wakesho, bado tuna mashamba mawili."

Nikatia kinywani. Nikainua kikombe nitemee. Ikakataa kutoka.

Mama, kinywa kimejaa pombe. Mbele yangu mlango uko wazi, ukungu, mlima, matuta. Na nimeambiwa niteme. Mimi ni mjukuu wa nani? Kwetu pombe haitemwi bure. Nilimwona Babu mara ngapi, alfajiri, na kibuyu chake cha mbangara, ile pombe ya miwa, anavuta funda, anaipuliza nje na kutaja kilichomkaa moyoni, hasira itoke isije ikamdhuru mtoto wala mbuzi, kisha anabariki. Wewe ulikuwa unatufungia ndani tusione huko kutasa kwake, na sisi tulikuwa tunachungulia kwenye ufa. Kupuliza pombe halafu ukanyamaza ni sawa na kubisha hodi na kukimbia.

Nikainuka, mashavu yamejaa, glasi mkononi, nikatoka hadi kwenye mstari wa kwanza wa mizabibu, nikapuliza. Na maneno yakaja, kwa Kidawida chetu, wala sikuyatafuta. Nilisema hasira yangu kwa wale walioninyima ruhusa, itoke. Nikavuta funda jingine. Hasira yangu kwa mtandao ulioganda, itoke. Funda la tatu: hasira yangu kwa Mama yangu, aliyeniuliza kama ndege zimekufa, itoke. Hapo ndipo Goreti alipoipata simu yake kwenye mkoba. Kwa hiyo mliloliona ninyi ni la nne peke yake: Babu alale salama, mama mwenye shamba hili apate mavuno.

Nilipogeuka, watu wamejaa mlangoni. Helen ameshika chupa. Akaniuliza nimefanya nini. Nikamweleza kwa Kiingereza changu kwamba kwetu hasira ikikaa ndani inaozesha nyumba, kwa hiyo tunaitema. Nilidhani atacheka. Akanitazama, akasema mwaka ule misitu ilipoungua moshi uliziingia zabibu zake zote zikawa hazifai, mwaka uliofuata divai ikapatikana na wateja wakafungiwa, na binti yake yuko Perth, upande ule wa nchi wamefunga mpaka wao, mjukuu wake amezaliwa na sasa anatembea, hajawahi kumshika. Akajimiminia glasi mpaka juu, akatoka kwenye ukungu. Sijui alitaja nini. Nilisikia pfff tatu, na aliporudi kidevu kilikuwa chekundu na macho vilevile.

Basi mlango ukafunguka! Watu wakapanga foleni, mita moja na nusu kati ya mtu na mtu. Muuguzi wa zamu ya mchana akapuliza na kupiga kelele, "Rosta ya zamu!" Mwingine, "Barakoa!" Mpishi akataja jina la mume wake, tukajifanya hatujasikia. Menija alipuliza, upepo ukamrudishia yote kwenye shati jeupe. Goreti wangu akasimama na kikombe cha chai yake ya chupa. "Mimi niko mlokole," akasema, "mais, lakini, hasira niko nayo." Akapuliza chai. Akasema maneno mengi kwa Kirundi, marefu, hata nikaogopa, na alipomaliza akafuta macho akatugawia maharage. Mashamba mawili yaliyobaki hatukuyafikia, na hakuna aliyeyadai.

Goreti hakuwa na nia mbaya. Video aliiweka kwenye kikundi cha maombi, akaandika, "Dada Wakesho anaombea shamba." Kabla basi halijafika Guildford ilikuwa imeshapanda mlima wetu wa Vuria.

Nisalimie Baba, mwambie kazi yake ya kusema uongo kwenye simu imekwisha. Msalimie mjomba, na koti lake. Msalimie shangazi wa kwaya, na mdogo wangu Mghoi anayenyonyesha, nasikia mtoto ana masikio ya Babu. Msalimie pia mweka hazina. Sana.

Nimebaki na neno moja. Ulimwambia Baba kwamba mimi nimeokota mila za shetani, na kwamba nyumbani kwako hazikuingia. Haya. Siku niliyoondoka, wakati gari linanisubiri, uliniita nyuma ya jiko. Ulikuwa na kikombe cha chai. Ulivuta funda kubwa, ukanipulizia kifuani, kwenye blauzi yangu nyeupe ya safari, midomo yako ikinong'ona. Nilipokutazama ukasema, "Chai ilikuwa ya moto." Mama, chai ile ilikuwa imepoa. Niliuona utando wa maziwa juu yake. Nimevuka bahari nayo blauzi ile na sijaifua mpaka leo. Mwaka huu wote, nikiingia zamu kwenye chumba cha wenye corona, ndiyo niliyovaa ndani.

Basi mimi hasira yangu nimeitoa, mbele ya basi zima. Yako bado iko ndani, na si ya divai. Ni ya kaburi la baba yako kuchimbwa mimi sipo. Ilete nje. Pika chai, iache ipoe, nenda nyuma ya jiko, geukia jua linakochomoza, niko upande huu. Uniseme vibaya, unitaje kwa jina, usiniachie hata kimoja. Halafu Jumapili nikipiga, pokea. Mipaka ya kutoka nchini imefunguliwa na nimeomba likizo, lakini siwezi kupanda ndege kuja kwenye nyumba ambayo Mama yuko shambani.

Na mtu akikukuta huko nyuma, hata akiwa mweka hazina, mwambie chai ilikuwa ya moto.

Ni mimi mwanao, wa glasi tatu tu,
Wakesho