Madoa kwenye Reli ya Mama Kulwa

Baba Neema wangu,

Mimi na Neema tumefika Mwanza salama, ila naandika moyo ukinichemka. Leo nimepita Kiseke kwa Mama Kulwa, jirani wa shangazi, kuiona ile reli ya stenlesi uliyomfungia ngazini. Hata shikamoo yangu hakuitikia vizuri.

"Mumeo tapeli! Stenlesi gani inaota kutu?" Na majirani wote wanasikia!

Nikaangalia. Kweli ina madoa mekundu, kama mtu kamwagia pilipili ya unga. Nikamuuliza anaisafisha na nini.

"Na waya wa kusugulia masufuria, kila asubuhi. Mimi si mchafu!"

Mume wangu, nilitaka kulia kwa hasira. Si ulimwambia kitambaa laini tu? Waya umeacha chembe zake pale, unyevu wa ziwani umezikuta, zikaota kutu. Nikasogeza ndoo ya maua iliyoziba mguu wa reli pale chini, ambapo waya haufiki. Panang'aa kama siku uliyoifunga! Nikamwomba kipande cha limau la kukamulia samaki wake wa sato, nikapaka, nikafuta kwa kanga ya Neema. Madoa yakaanza kutoka.

"Kumbe," akanong'ona. "Samahani, mwanangu."

"Hapana, mama. Utapeli uliutangaza kwa sauti. Na hili litangaze hivyo hivyo."

Akawaita majirani, mmoja mmoja!

Neema kalamba limau, kakunja uso kama wewe ukichomea vyuma. Usishindie chai tupu huko Kahama. Ukija Mwanza, pita Kiseke kichwa juu.

Akupendaye,
Mama Neema