Gia Tano za Kurudi Nyuma

Kaka uko hapo? Usicheke. Nakuomba usicheke.

Lile gari langu la rali la bei chee limewaka! Injini ya pikapu imekaa, inanguruma mpaka madirisha yanatetemeka. Basi nikaita watu uani kwa mama mkwe waje waone. Kiherehere changu!

Mke wangu, msoma ramani wangu, kakaa pembeni na helmeti yake. Nikatia gia ya kwanza, nikakanyaga mafuta.

Gari likarudi nyuma.

Kaka, gia ya KWANZA, likarudi nyuma! Likazoa kamba ya nguo na mashuka yote, likagonga ukuta wa jiko la mama mkwe.

Ni ile difu, inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Nilipobadilisha injini niliifunga juu chini. Sasa nina gia tano za kurudi nyuma na moja ya kwenda mbele. Na fundi aliniambia nijaribu kwanza magurudumu yakiwa hewani. Nikamwambia mimi si mtoto.

Mama mkwe akatoka, shuka lake linaning'inia kwenye bampa. Hakufoka. Heri angefoka. Akaniuliza taratibu, "Na breki, baba, ulifunga mwenyewe?"

Nikasema hapana, alifunga fundi.

Nimesema hivyo mbele ya mke wangu, aliyenimulikia tochi nikizifunga!

Hakuniumbua. Kavua helmeti, kaiweka kwenye kiti, kaingia ndani na mama yake.

Bado niko kwenye gari. Naona aibu kushuka.