Mashahidi Watatu na Shamba Moja la Muhogo

Jumatatu, 5 Machi 2001. Butembo

Salamu za heshima kwa ukurasa huu, pamoja na ombi la radhi. Nimekawia tangu kabla ya Jumatano ya Majivu. Hakuna atakayeusoma isipokuwa mimi mwenyewe, lakini marehemu mke wangu hakupenda mtu aingie mahali bila kubisha hodi, hata iwe nyumbani kwake.

Misa, uji, kisha chuoni. Tangu askari walipochukua lile jengo la pili, walimu wote tunakaa chumba kimoja: kemia, botania, uuguzi, na mimi wa historia na jiografia. Meza moja, jiko moja la mafuta. Bwana Ilunga wa kemia na padre wetu, Abbé Anselme wa botania, walibishana tena kuhusu somo lipi ni mama wa mengine. Niliwaomba ruhusa nikaenda kufundisha.

Alasiri dereva mmoja aliniletea habari kutoka Beni. Mbaya. Binti yangu Kavira, aliyeolewa kule mtaa wa Bungulu, anatuhumiwa kutia watu sumu. Tangu Desemba anawahifadhi jamaa za mume wake waliokimbia vita huko milimani Lubero: mama mmoja, Masika, na watoto wake. Watoto wawili wa Masika wameanguka miguu. Waliamka asubuhi, miguu imekauka, hawasimami. Watoto wa Kavira ni wazima, wanakimbia uani. Na wote wanakula muhogo wa shamba moja.

Mkwe wangu Paluku amekwama Kasindi mpakani na mizigo yake. Hakuna wa kumtetea. Baba mdogo wa Paluku, mzee Katembo, ameitisha kikao cha ukoo Jumapili.

Jumanne, 6 Machi

Nina hofu. Ninaliandika neno hili kama lilivyo. Kikao kikimhukumu, atafukuzwa bila watoto wake, na hapo ni kwa rehema. Siku hizi vijana hawangojei kikao. Wana mawe.

Najua mwanangu hakufanya. Lakini kujua kwa baba si ushahidi. Mzee Katembo angekuwa na haki ya kunicheka.

Mchana nilitaka kuwauliza wenzangu pale mezani. Nikaacha. Wakiulizwa pamoja, mwenye sauti kubwa atajibu na wengine watampinga au watamfuata. Nilimkumbuka babu yangu alivyoamua kesi za mipaka ya mashamba. Kila shahidi alipelekwa peke yake, kwa njia yake, aonyeshe mpaka uko wapi. Wakisimama kwenye kichaka kile kile bila kuonana, basi hapo ndipo mpaka. Wakionana kwanza, hata wakiwa kumi, wanahesabiwa kama mmoja.

Kesho nitamwendea kila mmoja peke yake. Maneno yale yale. Sitataja jina la mwanangu.

Jumatano, 7 Machi

Ilunga nilimkuta akiosha chupa zake. Alinisikiliza, akauliza neno moja: muhogo ulilowekwa? Ule mchungu, alisema, una sumu ndani yake tangu ardhini, nayo hutoka kwa kulowekwa siku kadhaa majini. «Sumu haina haja ya mutu wa kuitia, mwalimu. Inazaliwa ndani ya muhogo.»

Abbé Anselme alikuwa katika bustani ya parokia. Yeye aliuliza muhogo ni wa aina gani. Kuelekea Beni watu hupenda kupanda ule mchungu kandokando ya msitu, maana nguruwe na nyani hawauharibu. Ukiutazama kwa nje haujitofautishi na ule mtamu. Wenyeji wa bonde wanaujua. Mtu wa Lubero, aliyekua kwa viazi na ngano, ataujuaje?

Sista Generoza, anayefundisha uuguzi, aliuliza kama wanapata samaki. Nilishangaa. Aliwahi kufanya kazi upande wa magharibi mwa nchi, akaona watoto kama hawa: miguu yote miwili kwa pamoja, ghafla, bila homa, akili safi. Hutokea wakati wa njaa, watu wakila muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka, bila nyama, bila samaki wala maharagwe, kwa majuma. Na barabara ya ziwani imefungwa muda mrefu, samaki wa chumvi hawafiki.

Watatu, njia tatu, chungu kimoja.

Nikajizuia. Huenda walisemezana? Nilimuuliza Ilunga kwa adabu. «Na Sista? Mwalimu, tangu tuligombana juu ya jiko la mafuta hatusalimiane hata bonjour.» Ni kweli, na Abbé hakutoka bustanini kutwa. Kwa mara ya kwanza maishani nimemshukuru Mungu kwa ugomvi wa watu.

Alhamisi, 8 Machi

Risasi upande wa kaskazini tangu alfajiri. Hakuna gari linalokwenda Beni. Nimefunga mfuko wangu, nimeufungua, nimeufunga tena. Sikula.

Swali moja linanisumbua. Watoto wa Kavira wanakula muhogo ule ule. Wenzangu wamenieleza kinachoweza kuua miguu. Hawajanieleza kwa nini kilichagua.

Ijumaa, 9 Machi. Beni

Tumefika. Lori la sabuni. Sista Generoza alikubali kufuatana nami, Mungu ambariki. Alikaa juu ya makatoni kama malkia. Kila kizuizi nilishuka, nikavua kofia, nikaeleza. Askari mmoja kijana alichoka na heshima zangu: «Papa, leka, likambo te.» Pita, mzee, hakuna neno.

Kavira amekonda. Hakulia. Alinipokea kwa magoti kama desturi, akaniuliza habari za safari. Mimi ndiye niliyelia. Ninaona aibu kidogo.

Jumamosi, 10 Machi

Sista amewapima watoto wa Masika. Magoti magumu, akili timamu, wanacheka. Anasema ni kama alivyofikiri. Miguu haitarudi yote, lakini ugonjwa hauendelei mbele wakila vizuri. Nilimwomba asimwambie mtu hadi kesho.

Nimeona uani kuna meko mawili. Moja la Kavira, moja la wageni. Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu kwamba mwanamke mkubwa aliyekimbia hapikiwi kama mtoto. Unampa sehemu yake ya moto na ruhusa ya kuchimba shambani, ili awe na heshima yake. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Ndivyo nilivyoona kwetu maisha yote.

Nimekaa muda mrefu nikiyatazama yale meko.

Jumapili, 11 Machi

Nitaandika polepole. Nimetua mzigo.

Kikao kilianza baada ya misa. Wazee wa ukoo kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Vijana nje ya ukuta wa matete, wengi kuliko nilivyopenda. Mzee Katembo alisimama. Si mtu mbaya. Anawapenda wale watoto. «Shamba ni moja, muhogo ni moja. Batoto ba Kavira banakimbia, ba Masika banatambaa. Sasa munataka niulize nani? Niulize mbuzi?» Watu walicheka, kicheko kibaya.

Niliomba radhi kwa kusema nyumbani kwa watu. Sikutaja kemia. Sikutaja chuo. Niliomba tu wafanye kama wazee wetu walivyofanya kwa mipaka: Kavira apelekwe upande mmoja na wazee wawili, Masika upande mwingine na wawili, kila mmoja aulizwe jambo moja, muhogo huufanya nini toka shambani hadi sahanini. Katembo alinitazama. Akasema, «Mwalimu, hiyo ni ya babu zetu. Siwezi kukatala.» Akaenda yeye mwenyewe kwa Masika.

Walirudi, wakasema mbele ya wote. Kavira: anachimba, anamenya, analoweka kwenye pipa hadi ulainike na kunuka, anaanika, anatwanga. Masika: anachimba, anamenya, anaanika, anatwanga.

 Halafu mwanamke mmoja mzee wa Bungulu, kutoka mikekani: «Eh, Masika. Haukuloweke?»

Masika alisema kwa sauti ndogo. «Kwetu kule juu hapana kuloweka kitu. Kiazi unaosha, unatia ku moto. Nilizani ile pipa ni ya pombe yake.»

Katembo alimuuliza kama hakusikia uchungu mdomoni.

«Nilisikia. Lakini mutu anakula kwa batu. Atasema bugali yabo ni muchungu?»

Hapo nilielewa kwa nini kilichagua. Mwenyeji hakutazama chungu cha mgeni, kwa heshima. Mgeni hakulalamikia chakula cha mwenyeji, kwa heshima. Katikati ya heshima hizo mbili watoto walianguka. Hakuna hata mmoja kati yetu pale ambaye angetenda tofauti.

Ndipo nikamwomba Sista aseme ya uuguzi, nami nikaeleza ya Ilunga na ya Abbé, na kwamba hawakuonana. Mzee mmoja alihesabu kwa vidole, akawaongeza wanawake wawili. Akasema hata kichaka cha mpaka hakijapata mashahidi wengi hivi.

 Katembo akatoka nje kwa vijana. Nilisikia sauti yake: «Murudi makwenu. Kazi iko, mulete maji.» Walikwenda. Mmoja alilalamika kwamba amepoteza Jumapili yake bure.

Jioni Masika na Kavira walitumbukiza muhogo ndani ya pipa pamoja. Masika alikuwa analia, Kavira akimwambia asilie majini, yatakuwa na chumvi. Wakacheka wote wawili. Nilikaa mlangoni, sikuwa na kazi yoyote. Furaha yangu haina adabu. Najisikia kama kijana.

Jumanne, 13 Machi. Butembo

Nimerudi. Nimewaeleza wenzangu pale mezani. Abbé alitangaza kwamba botania ndiyo iliyomwokoa binti. Ilunga akadai ni kemia. Nimelala mchana kutwa.

Ijumaa, 6 Aprili

Mvua tangu asubuhi. Mzee Katembo yuko Butembo kwa shughuli za nguo, amelala kwangu. Tulikula maharagwe. Hatukuzungumza habari za kikao. Alinieleza kwamba mtoto mdogo wa Masika anatembea kwa fimbo hadi kwa jirani, kwamba mkubwa bado anabebwa, na kwamba hakuna mwingine aliyeanguka. Alinieleza pia kwamba yeye ndiye aliyechonga ile fimbo. Alilisema hilo akitazama sahani.

Nimemwandikia Kavira. Mistari michache: salamu kwa ukoo wote, radhi kwa kukawia, na kwamba sina neno, ninalala vizuri. Nilitaka kumpa dereva wa lori. Mzee Katembo alinyoosha mkono, akaitia barua katika mfuko wa ndani wa koti lake, akafunga kifungo. Anashuka Beni kesho. Atampa mwenyewe mkononi.