Nyumba Iliyoshushwa Kwenye Lori

Dada Oliva, kamwene! Ndivyo wanavyosalimiana huku Njombe, na kwa baridi hii midomo yangu inaitamka kwa shida.

Uliniagiza nichunguze kama zile nyumba za mbao za kiwandani zitatufaa. Jana shangazi Fausta kaletewa yake hapa Yakobi. Kuta zimetoka kiwandani Makambako na madirisha yake, hata nyaya za umeme zimo ndani. Winchi ikazishusha juu ya msingi, mafundi wakazifunga kwa nati kama kitanda.

Sasa shangazi, kwa mazoea, alishawaalika majirani waje kumsaidia kujenga, na ulanzi, pombe ya mianzi, kawaandalia. Wakafika na majembe na ndoo, wakakuta paa linafungwa! Mmoja akagonga ukuta, akasikiliza, akauliza, "Sasa sisi tunakunywa kwa kazi gani?"

Mama Tulizo, jirani wa karibu, akaingia akakagua vyumba vyote. Akatoka akasema, "Fausta, moto utaota wapi?" Kweli, humo hamna pa kuwashia kuni. Basi wakakanda udongo, wakapanga tofali zilizobaki kwenye msingi, wakaezeka mabati ya zamani. Jioni jiko likawa limesimama uani na viazi vinachemka.

Asubuhi hii nakuandikia nikiwa humo jikoni. Mbusu mama, mwambie sijaganda. Kuhusu nyumba yenyewe, dada, nivumilie kidogo: jana hakuna aliyekubali kuuacha moto akalale huko.

Mdogo wako,
Agnesi