Ubani Kwenye Lori la Kahawa

Ukurasa huu nimeunakili kutoka daftari langu la zamani, la wakati nilipokuwa na miaka ishirini na miwili. Nimerekebisha tahajia tu.

Alhamisi, Novemba 1977. Mvua imekatika saa nne, jua limetoka kinyonge.

Naogopa.

Nimeanza na neno hilo kwa sababu ninatembea nalo tangu asubuhi, na mtu wa kumwambia sikumpata haraka.

Ni mwezi wa pili sasa tangu mimi na kaka yangu Abdi tutoke kwetu Isiolo tuje kukaa huku milimani, kwenye mji huu wa kahawa ulio kando ya mto. Baba alitupangia chumba nyuma ya soko, hatua chache kutoka darajani. Abdi anaendesha lori la Baba, mimi nauza samli na ngozi zinazotoka vijiji vya kwetu, Kulamawe na Sericho. Kwetu ukisimama mlangoni unaona mbali mpaka macho yanachoka. Hapa kila upande ni mlima, na kila mlima umejaa mibuni kutoka chini hadi juu. Mwaka huu kahawa ina bei nzuri, basi mji umechangamka: mabati mapya, redio mpya, wanawake wanashindana kwa leso. Sisi wanatuita watu wa ngozi. Hawasemi kwa ubaya, lakini wanasema.

Jumapili lori la chama cha ushirika liliharibika gia. Jumatatu karani wao, Bwana Mwiti, akaja kwetu kuuliza kama lori letu linaweza kupeleka kahawa ya wakulima kwenye kinu kikubwa, kule inakokobolewa na kuonjwa kabla ya kuuzwa. Abdi alikubali kabla karani hajamaliza kusema. Tangu tufike alikuwa akiomba kazi ya namna hiyo. Ngozi na mbuzi haziwezi kulitunza lori kuukuu, na lori hilo ndilo chakula cha nyumba nzima kule kwetu.

Bwana Mwiti alipanda nyuma ya lori, akanusa, akashuka mbio.

"Hii harufu ya ngozi iwe imetoka kesho," akasema, "ama nitafute lori ingine."

Mimi, wallahi, sikusikia harufu yoyote. Nimezaliwa kwenye ngozi. Babu alipoacha uaskari, kazi yake ya kwanza Isiolo ilikuwa kununua ngozi, na sisi sote tumelala karibu na mizigo hiyo tangu utotoni. Tukaliteremsha lori mtoni, tukalisugua kwa mchanga na sabuni mpaka jioni. Nikamwita mwanamke muuza ndizi anuse. Akakunja uso.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya.

Mama yangu ni Mborana. Kwake chombo hakijawa safi kwa sababu tu kimeoshwa. Kibuyu cha maziwa lazima kifukizwe: makaa ya mzeituni wa porini yanatiwa ndani, kinatikiswa, moshi unaingia, na maziwa yanakaa siku nyingi bila kuharibika. Sijawahi kuona uchafu ulioshinda moshi wa Mama. Basi nikapandisha majiko mawili ndani ya lori, nikaweka makaa, nikamwaga ubani wangu wote wa Idi, nikafunika turubai. Niliurudia moshi huo mara tatu. Nilipofunua, lori lilinukia kama nyumba ya arusi. Nilijisifu moyoni.

Jumanne Bwana Mwiti alikuja na mafua yake ya mvua, kitambaa puani, haraka kwa sababu mawingu yalikuwa yametanda. Akachungulia, akaona pamekauka.

"Mmeosha na nini?"

"Sabuni," nikasema.

Kwa nini sikusema ubani? Niliona haya. Nilidhani atacheka, ataenda kuwaambia wenzake watu wa ngozi wamelifukiza lori kama bibi arusi. Ni hilo tu. Vibarua wake wakapakia magunia haraka haraka, Abdi akafunga turubai, na jioni hiyo mto ukafurika juu ya daraja. Lori limekaa hapa hapa uani siku mbili, limefungwa, na kahawa iko ndani.

Leo asubuhi nilipeleka samli kwenye kiwanda cha ushirika, kwa wanawake wanaochambua kahawa kwenye vitanda vya kukaushia. Baridi ilikuwa ya kuumiza vidole. Nikamuuliza Mama Kananu, mteja wangu, kwa nini wasiwashe hata moto mdogo.

"Moto? Hapa?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Kahawa inashika harufu ya kila kitu, mwanangu. Moshi ndio mbaya zaidi. Ikifika kwa mwonjaji anatema, anaandika mbovu. Na si gunia moja, inachanganywa, sisi wote tunakosa malipo."

Kisha akanishika mkono, akasema kwa furaha kwamba kahawa yake yote ya msimu iko kwenye lori letu. Ni karo ya watoto wake wawili. Akanishukuru. Mimi.

Sikumbuki nilivyorudi. Nilifungua kona ya turubai, nikalifungua gunia moja, nikaingiza pua. Harufu ya ngozi haikuwepo hata kidogo. Kulikuwa na Mama yangu, na vibuyu vyake vyote, na Idi zote za maisha yangu.

Nimemwambia Abdi. Kwanza alicheka. Halafu akasema kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Halima, funga mdomo. Nani atanusa gunia? Maji imeshuka, kesho alfajiri naondoka. Ukisema, hii kazi imeisha, na mimi ndio watashika. Unataka kumwambia Baba nini?"

Yeye ndiye dereva. Wakiamua tumeiharibu kusudi, hawatamuuliza dada yake alichoma nini. Watatuona kama tulivyo, wageni kutoka chini, na tayari njiani polisi wanamsimamisha na kumwuliza kitambulisho kuliko madereva wengine wote.

Lakini nikinyamaza, mwonjaji atatema tu. Na Mama Kananu atangoja malipo yake, na huku akiendelea kununua samli kwangu.

Baada ya sala ya adhuhuri nilimwambia Abdi naenda sokoni.

Nilikwenda kwa Bwana Mwiti. Nilisimama mbele ya meza yake nikamwambia yote: majiko mawili, makaa, ubani, mara tatu. Hakucheka. Alifunika kalamu yake, akaifunua, akaifunika tena.

"Ulisema sabuni."

"Nilisema sabuni."

Akaniambia atakuja saa kumi pamoja na Mama Kananu, kwa sababu pua yake mwenyewe haijapona mafua. Wataanza na magunia ya juu, kisha watateremsha yote. Kama moshi umeshika ya juu tu, yatatengwa na kuanikwa upya. Kama umeshika yote, hakumalizia. Nilimuuliza kama Abdi atakamatwa. Akasema hilo ni la kamati, si lake.

Sasa ni saa kumi kasoro. Niko dirishani. Abdi yuko uani anakaza kamba za turubai, amekwisha kuangalia mafuta na tairi, na anaimba. Tangu nirudi nimejaribu mara tatu kumwambia nilikotoka. Kila nikifungua mdomo naishia kuuliza kama amekula. Sijui ninamwogopa yeye au naogopa uso wake utakavyokuwa.

Miavuli miwili inavuka daraja.

Ameiona. Anadhani wamemletea karatasi za safari. Amepangusa mikono kwenye suruali, amewaendea hadi ukingoni mwa daraja, anawapokea kwa mikono miwili. Namsikia akimwambia Mama Kananu asiwe na wasiwasi, kahawa yake itafika salama. Mama Kananu ameinamisha kichwa.

Sasa amegeuka kwangu, anatabasamu, ananiambia nilete chai ya wageni.

Naweka kalamu. Natoka mikono mitupu. Lazima jambo hili alisikie kwangu kabla kamba ya kwanza haijafunguliwa.