Habari Niliyompelekea Kate

Sundbyberg, Juni 1973

Mwalimu Nora,

Nilifika kijijini kwenu Ireland, na Kate nilimpata. Uliniagiza nikiwa nimekaa kando ya kitanda chako: "Nikifa, Kate asikie kwa mdomo wa mtu, si kwa barua." Barua ingemfuata wapi? Yeye na mumewe, fundi bati, wanaishi ndani ya gari lao la farasi, na kwenu hupita mara moja tu kwa mwaka.

Kaka yako Tomasi alinipokea vizuri. Alinionya nisitegemee sana kwamba watakuja, kwani siku hizi watu wananunua ndoo za plastiki. Lakini jikoni kwake nilikuta ndoo mbili za bati zinazovuja, zimewekwa kando, kama ulivyotusimulia darasani Tabora. Baba yenu angeweza kuziziba mwenyewe. Mama yenu alikataa, ili wasafiri kama kina Kate wawe na sababu ya kusimama mlangoni. Sisi wanafunzi tulicheka.

Siku ya tisa walikuja. Kate alinitazama, akamwuliza Tomasi, "Huyu umemwokota wapi?" Nikamweleza. Akakaa chini. Nikatoa tangazo la kifo chako nililoandika mwenyewe, nikamsomea, maana hajui kusoma. Alilisikiliza mara moja, akalirudia lote bila kukosea. Miaka ishirini nimefanya kazi ya habari, sijaona mwandishi wa namna hiyo. Yeye ndiye anayepeleka habari nyumba kwa nyumba, njia nzima.

Halafu akasema, "Haijakamilika, kijana. Kila mlango wataniuliza nani alikuwa naye alipokufa. Nijibu nini?"

Mwalimu, hilo nililiruka kwa makusudi. Nilikuahidi kurudi asubuhi iliyofuata. Ghala likawaka moto huku kwetu, Jordbro, nikaenda kuandika habari ya ghala. Nilipofika hospitali, kitanda chako kilikuwa kimeshatandikwa upya.

Nikamwambia hivyo hivyo. "Hakuwa na mtu. Mimi ndiye niliyechelewa." Tomasi alitoka nje. Alikuwa hajui.

Kate hakunilaumu, wala hakunifariji. Aliniuliza jina langu, akalitamka mara tatu mpaka likamkaa sawa. "Nitasema hivyo," akasema.

Basi kila nyumba ya kwenu sasa inajua, na jina langu limo. Ni habari sahihi.

Pumzika, Mwalimu. Mwakani nitakuwa kwa Tomasi kabla wasafiri hawajafika. Atakayetaka kuniuliza ataniuliza, nami nitajibu.