Sumaku ya Friji

Nizwa, Oman, Jumanne, Machi 2003

Chuma kitupu, ati! Chuma kitupu!

Nasri, mtoto wa marehemu kaka yangu, amelifufua gari la zamani la Kimarekani, na hivyo ndivyo anavyoisifu bodi yake. Kesho baada ya Alasiri mnunuzi anakuja kutoka mji wa Adam, naye atalichukua nikimwambia mimi kwamba bodi ni nzima, kwa kuwa Unguja nilikuwa fundi wa bodi.

Nikachukua sumaku ya friji, nikaibandika mlangoni. Ikaanguka. Ubavuni, ikaanguka. Kote puti, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, imepigwa msasa na kupakwa rangi kama keki ya harusi.

"Ami, sumaku yako haina nguvu."

"Basi kwenye friji inashikiliwa na dua?"

Akanywea. "Wallahi, Ami, kesho wewe nyamaza tu."

Kinachonikera ni kwamba ujanja huo naujua. Nilipokuwa na umri wake niliziba kutu kwa sabuni kwenye mlango wa gari la bwana mmoja wa Ng'ambo, nikapaka rangi juu. Alinishukuru sana, mpaka masika yalipoutoa mlango povu.

Mvua ya Nizwa si ya kutegemewa kufichua puti. Sumaku nimeshaitia mfukoni mwa kanzu ya kesho.